Msusi Aliyeogopa Kuachwa

Wifi yangu ni msusi, na ana mkono mwepesi: kichwa kizima anakimaliza kabla mteja hajaanza kulalamika shingo. Mumewe ni kaka yangu, fundi rangi. Mtaani anaitwa Pole, maana hata ukimkanyaga, yeye ndiye anayekupa pole.

Miaka yao ya mwanzo ilikuwa jua na mvua siku moja. Asubuhi wifi anamwita "roho yangu". Jioni Pole akichelewa nusu saa, amekuwa msaliti. Siku moja kazi ilimchelewesha na simu ikazima. Alipofika, nguo zake zote zilikuwa uani, zimetupwa dirishani.

"Jamani, mitumba leo bei gani?" jirani akauliza.

Watu wakacheka. Kaka akaokota mojamoja, akaja kukaa kwangu.

Siku ya nane wifi akabisha hodi, macho yamevimba.

"Wifi, nilidhani ameshaniacha," akasema. "Nikaona bora nimfukuze kabla hajaondoka. Nampenda, na bado namfanyia hivi. Mimi nina nini?"

Mimi nafanya usafi hospitalini, na namfahamu daktari wa afya ya akili. Nikampeleka. Daktari, mama mtu mzima, alimsikiliza vikao vitatu ndipo akasema: si wazimu, wala hajarogwa. Ni tatizo la haiba. Nafsi yake ilizoea tangu utotoni kuona kuachwa hata pasipo na anayeondoka.

"Sina kidonge cha kuling'oa," akamwambia. "Lakini tukizungumza kwa muda, wengi hupata nafuu."

Kaka naye aliitwa. Alikwenda akidhani atapongezwa kwa uvumilivu.

"Wewe ukikasirika unanyamaza siku tatu," daktari akamwambia. "Kwa mwenzako, huko nako ni kuondoka."

Pole wa watu akainama.

Haikuwa lelemama. Mwaka wa kwanza sahani zilivunjika, na mara mbili wifi aliapa harudi tena kwa daktari. Akarudi. Kila Alhamisi, miaka miwili. Akajifunza kunawa maji baridi hasira inapopanda, kisha kusema neno moja badala ya mia: "Naogopa." Na kaka akajifunza kujibu: "Nimekasirika, lakini nipo."

Mwezi uliopita niliwakuta wanapaka rangi saluni. Wifi anataka kijani; kaka anasema kijani kitawafanya wateja waonekane wagonjwa.

"Basi kapake ukuta wa mama yako!" wifi akafoka.

Nikakohoa, maana mama yake ni mama yangu.

Wifi akageuka, akaniona, akashika mdomo. Kaka akaanza kucheka mpaka brashi ikamdondoka, na wifi akacheka naye, akiwa ameegemea bega lake. Nikavua viatu, nikaomba brashi yangu.

Tulipaka kijani. Kwa kweli kimependeza.