Mkungu wa Ndizi Ndani ya Ndege

Niliweka mkungu wa ndizi ndani ya ndege bila kumwambia rubani. Haya, mwanangu, nimesema. Cheka umalize, kisha kaa nikupe nasaha. Nina miaka kumi na sita na nimeshaanguka na ndege. Wewe je?

Mjomba Elibariki, kaka yake mama, ana kandege ka watu wawili: mabawa ya kitambaa, injini inalia kama pikipiki, uwanja wenyewe nyasi tupu kule Nduruma. Jumamosi ile aliniahidi kunirusha hadi kwa bibi, upande wa pili wa Mlima Meru. Mimi huyo! Hata chai niliiacha mezani.

Ila kwetu huendi kwa bibi mikono mitupu. Atakupokea vizuri, halafu atakutangaza kanisani. Basi mjomba akiwa ameinamia injini, nikauchomeka mkungu nyuma ya viti, nikaufunika kwa koti.

"Umebeba nini, mjomba?" akaniuliza huku anavaa kofia ngumu. "Nilikwambia hata begi usilete."

"Koti tu, mjomba. Kwa bibi baridi."

"Wewe na baridi! Haya, funga mkanda."

Tukatimka. Nyasi zinakimbia, mimi napiga kelele kama nimeshinda kombe! Uwanja unakwisha, magurudumu bado yako chini. Mara tukanyanyuka, kidogo tu, pua ikatazama juu, ikazidi juu, ndizi zangu zinavuta mkia. Mjomba akasukuma usukani mbele, wapi! Bawa la kushoto likalala, tukashuka puu! katikati ya shamba la vitunguu.

Kichana cha ndizi kikaniteremkia kichwani. Mjomba, damu puani, akakiangalia. Akaniangalia mimi.

"Hili ndilo koti?"

Nilicheka, mwanangu. Halafu nikaona mkono wake unavyoning'inia, nikalia mpaka wenye shamba wakadhani mimi ndiye niliyeumia.

Sasa sikia. Kandege hakajui adabu za ukoo, kanajua uzito. Rubani akikuuliza umebeba nini, mtajie hadi karanga za mfukoni. Akisema hapana, ni hapana, hata kama bibi atanuna mwezi mzima. Mungu akukuze, akupe safari nyingi, na kila utakapotua ushuke kwa miguu yako mwenyewe.

Mama alitukuta hospitali. Hakunipiga. Alishika ule mkono mzima wa mjomba, akanitazama, akasema: "Mama yangu ana shamba zima la migomba. Mtoto wa kiume anaye huyu mmoja."