Mochi Katika Kinu cha Sombe

Siku ile tulikuwa watano: mimi, mdogo wangu wa pekee, mume wake Mjapani, mama mkwe wake aliyekuja kutoka Japani kuwatembelea, na binti yao mdogo anayejibu kila kitu kwa Kiingereza. Mwaka 2018 ulitukuta nyumbani kwao, mtaa wa Rosettenville, huku kusini tulikohamia.

Miaka yote, baada ya mkesha wa Mwaka Mpya kanisani, tulikula kwangu sombe, majani ya muhogo ya kutwanga. Mwaka ule mdogo wangu alinipigia simu.

"Yaya, safari hii njoo kwetu. Mama anataka kutwanga mochi. Utuletee kinu."

Yaya ndivyo kwetu Lubumbashi tunavyomwita dada mkubwa. Lakini neno lililobaki sikioni ni lile la mama. Wazazi walipofariki niliacha shule, nikashona nguo za watu mpaka yeye akamaliza masomo yake. Hakuwahi kuniita mama. Leo neno limepata mwenyewe, mkwe wake, mgeni wa wiki mbili.

Nikakipeleka kinu, kitu pekee cha marehemu mama tulichovuka nacho mipaka. Nilimkuta mdogo wangu amevaa aproni aliyoshonewa na mkwe. Niliikagua mishono nikitafuta kosa. Imenyooka yote.

Mochi, andazi la wali la Mwaka Mpya kwao, hutwangwa na watu wawili. Mmoja anapiga mchi, mwenzake anaingiza mkono wenye maji na kuugeuza ule wali unaonata kabla mchi haujashuka tena. Bibi, yule mama mkwe, alipiga magoti kugeuza. Lakini kinu cha kwao Japani ni kipana kama beseni. Chetu ni cha kutwangia majani, kina shimo refu. Mkono wake ukawa unachelewa kutoka. Mdogo wangu akasimamisha mchi hewani.

"Nitakuumiza, mama."

Akajaribu tena, akasita tena. Wali ukipoa haufai.

"Nipisheni," nikasema.

"Yaya, wewe mochi hujui."

"Kinu je, sikijui? Twanga."

Mimi na mdogo wangu tumetwanga sombe pamoja, kila mtu na mchi wake, tangu kinu hicho kinamfika kidevuni. Alitwanga kwa nguvu zote. Mkono wangu hakuuogopea hata kidogo. Nilifurahi, kisha wivu ukanirudia: mkono wa bibi aliuogopea.

Bibi alikata mochi, akaitia kwenye supu, bakuli la kwanza akanipa mimi kwa mikono miwili. Akasema kitu. Shemeji akatafsiri: "Anataka mwakani umfundishe sombe. Yeye atageuza."

"Sombe haigeuzwi. Inatwangwa tu."

"Anasema basi atatwanga."

Mdogo wangu akacheka, akiniangalia aone nitajibu nini.

"Haya," nikasema. "Mwakani."

Mwakani ilipofika, miguu ya bibi ilikataa safari. Alituma aproni, yangu hii, nayo mishono imenyooka. Kinu kimerudi kwangu, na sombe ya mama wa watu bado nadaiwa.