Manyoya kwenye Koti la Mwalimu

Dada yangu mkubwa ni dobi. Ana usonji, na kwenye kazi yake hakuna wa kumfundisha: shati likitoka kwenye pasi yake, kola inasimama yenyewe. Mimi shule ilinishinda mapema, kukaa sehemu moja siwezi, kwa hiyo napelekea wateja nguo kwa baiskeli.

Alikuwa na paka mweupe. Jina lake Paka. Ukicheka, dada anakuuliza, "Kwani ni mbwa?" Paka alikuwa akilala juu ya nguo zilizotoka kupigwa pasi, bado zina joto, na kila asubuhi dada anapitisha kitambaa cha maji kutoa manyoya kabla wateja hawajafika. Miaka tisa hivyo hivyo.

Ijumaa Paka akafa. Dada hakulia. Mama akaninong'oneza, "Afadhali, hajaumia sana." Mama mdogo naye akapiga simu: "Usijali mwanangu, nitakuletea mwingine."

"Mwingine simjui," dada akasema, akakata.

Jumatatu ndipo nikaliona koti la mwalimu mmoja, mteja wetu, jeusi, limetundikwa peke yake. Ndiyo nguo ya mwisho Paka kuilalia, manyoya yamejaa mgongoni. Nikachukua kitambaa, mazoea tu, wala si ubaya. Nimeshafuta bega moja, dada akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia, akalikumbatia koti lote.

"Ni yake hayo!"

Nikaweka kitambaa chini. Siku tatu nzima nilidhani hana habari.

Mara mwalimu akaingia. "Dobi wangu, vipi? Nina usaili saa tano, nipe koti nikapendeze."

"Lina manyoya."

"Ah, manyoya tu! Nitayakung'uta njiani."

"Usiyakung'ute."

Mwalimu akanigeukia mimi, kama wanavyofanya watu wote.

"Paka wake amekufa," nikamwambia.

"Loo. Paka?" Akacheka kidogo, akaangalia saa.

Dada hajawahi kumchelewesha mtu. Akalilaza koti mezani, akaanza kuyatoa kwa vidole, unyoya mmoja mmoja, anaweka kwenye kiganja cha kushoto. Mwalimu akavuta kiti, akakaa. Dada alipomaliza akafunga ngumi, akampa koti kwa mkono wa kulia.

Siku ile alipiga pasi kwa mkono mmoja hadi jioni, ngumi ya kushoto bado imefungwa. Shuka zikamshinda kukunja. Nikashika upande wa pili.

"Acha," akasema.

Nikaacha.