Njuga za Marehemu Miguuni Mwangu

Mtaani kwetu Mirongo wapo wanaoniita Njuga mpaka leo, na mgeni akiuliza sababu nasema zamani nilikuwa mchezaji hodari wa ngoma, maana ukweli unanitia aibu kiasi kwamba hata mke wangu nilimsimulia nusu tu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, soko limefunguliwa na viwanda vya Nyakato vinapunguza watu, na mimi niliyepunguzwa nikapata kibarua kwenye jumba dogo la makumbusho ya ala za muziki huko Pasiansi, kazi ya kupangusa vumbi, kubeba viti na kuwaeleza wageni kipi ni zeze na kipi ni marimba. Nilikuwa kwenye majaribio. Mkuu wangu aliniambia wazi kwamba tukivipokea vizuri vyombo vya marehemu Mzee Lushinge, nami nimeajiriwa. Mzee huyo alikuwa manju, kiongozi wa ngoma na mtunzi wa nyimbo, na familia yake ilishatanguliza njuga zake (zile kengele ndogo za chuma zinazofungwa miguuni) ili waone tutazitunzaje. Ngoma kubwa, zeze na baragumu vingekuja siku ya makabidhiano, pamoja na mjane wake.

Asubuhi ya siku hiyo mkuu akasema wageni watapenda kuelezwa njuga zinafungwaje. Basi, ningeeleza kwa mdomo yangeisha. Lakini mimi nilikuwa nimecheza kwenye kikundi cha ngoma cha kiwanda, nikaona ngoja nijaribu kwa miguu yangu kabla hawajafika. Kamba zake za ngozi zilikuwa kavu, nikazilowesha maji kama tulivyozoea kikundini, nikakaza fundo, nikatoka kusimama juani nikitazama ziwa na kujiona manju. Sasa, mchezaji akifunga ngozi iliyolowa anacheza, anatoka jasho, na ngozi inabaki laini. Mimi sikucheza. Nilisimama. Ngozi ikakauka, ikajikaza, na nilipoinama kufungua, fundo limekuwa jiwe, kukata siwezi maana ni kitu cha makumbusho, na kabla sijaifikia ndoo ya maji pikapu ya familia ikaingia getini.

Nikaikunjua suruali (ya mitumba, ndefu kwa bahati) ikafunika yote. Mpango wangu ulikuwa kusimama pale pale kama nguzo. Nikamwamkia mjane, akaitikia, na hapo hapo mkuu akaniambia nimletee mama kiti. Nikaenda nikiburuta miguu, njuga zikilia kila hatua, mpaka mgeni mmoja akachungulia chini ya meza akitafuta mbwa (mbwa wa kuwindia hufungwa njuga), nami, Mungu anisamehe, nikachungulia pamoja naye.

Kisha mkuu akaomba tusimame kimya kumkumbuka marehemu. Miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi, magoti yakaanza kutetemeka yenyewe, na katika kimya kile njuga zikalia taratibu, kama mtu anayekuja kwa mbali. Mjane akainua uso. Hakunitazama mimi. Alitazama mlangoni.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, ndiye aliyenifuata na kuipandisha suruali yangu kwa ncha ya fimbo.

"Kaka yangu hajamaliza mwaka kaburini," akamwambia mkuu bila kupaza sauti, "ninyi mmeshaivaa miguu yake?"

Nikasema nilikuwa najaribu tu. Unajaribu nini, mkuu akauliza. Mtu mmoja akasema uletwe wembe. Mjane akakataa, akaomba maji, akaketi kwenye kiti kile kile nilichomletea, akaupakata mguu wangu na kuanza kuilowesha ngozi kidogo kidogo kwa vidole. Kwa kuchanganyikiwa nikamwamkia upya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tulia." Akaendelea na fundo. "Mzee akirudi ngomani alikuwa ananinyooshea mguu hivi hivi. Ila wake ulikuwa na jasho."

Alipomaliza akazifunga njuga kwenye pindo la kitenge chake. Mkuu akaomba radhi, akaomba tena, akasema kosa ni la kijana mmoja, lisihesabiwe la jumba zima. Shemeji ndiye aliyejibu, akiwa ameshafungua mlango wa pikapu: "Njuga kavaa mbeba viti. Hiyo ngoma si mngeigeuza kiti?"

Wakaondoka na ngoma, zeze na baragumu vikiwa chini ya turubai, hakikushushwa hata kimoja.

Tangu hapo kitu cha mtu sikijaribu, na sokoni hata kofia nanunua kwa kukisia. Mkuu hakunigombeza, wala hakuhitaji kunieleza habari ya ajira. Alisema nirudishe viti ndani. Nikavibeba kimoja kimoja, miguu yangu mitupu haina mlio wowote, na bado kila aliyekuwepo alikuwa ananisikiliza ninavyotembea.