Mueni hakuiharibu swichi yetu

Kwa wote mlio kwenye orodha ya barua pepe ya chuo chetu hapa Donholm.

Bado siamini kwamba naandika "marehemu" kabla ya jina la Mueni. Homa ya mapafu ilimchukua kwa siku nne, na Jumamosi tulimzika kwao Machakos.

Wengi mlimjua kama yule dada wa lab ya kompyuta mwenye akala za Kariokor, vile viatu vya matairi, aliyewafungulia mlango kila asubuhi.

Mimi nilimaliza Form Four mwaka jana, na naogopa hata kuuliza swali darasani. Yeye alinivutia kiti. "Kaa hapa, Adhiambo. Kompyuta haichekangi mtu."

Ndiye aliyenifundisha multicast: video moja inayotumwa kwa kompyuta nyingi kwa pamoja. Swichi yetu, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta zote, ni ya zamani. Haijui nani ameomba video, kwa hiyo inaimwaga kila mahali.

"Ni kama jirani anayefungulia redio wapangaji wa plot nzima wasikie," alisema. "Moja tunavumilia. Zikiwa tatu, hata mtoto wako akilia humsikii."

Basi tukaweka kikomo. Video moja ipite. Ikizidi hapo, swichi itupe ziada.

Siku mkurugenzi wa chuo alipoleta wageni lab, alifungua video tatu. Zikakatikakatika. Katika chumba cha pili wanafunzi walikuwa kwenye mtihani wa kompyuta, wakaendelea kuandika bila kujua lolote.

"Mueni, umeniaibisha," alimwambia kwenye korido.

"Pole, sir. Lakini wale wa mtihani hawajaaibika."

Nilitaka kucheka. Nikaangalia viatu vyangu.

Jumatatu, siku mbili baada ya mazishi, kikomo kiliondolewa. Jana video tatu zilifunguliwa tena, na mtihani wenu ukaganda katikati. Sasa kuna karatasi kwenye ubao wa matangazo inayosema "aliyekuwa msimamizi wa lab" aliiacha swichi ikiwa imeharibika.

Si kweli, na nakataa. Mtu halaumiwi kwa sababu tu hawezi kurudi kujibu.

Mueni aliandika kwenye daftari la lab kila badiliko na jina la aliyelifanya. Nendeni mkasome. Amri za kikomo nilizichapa mimi, yeye akinisomea. Kama ni kosa, ni langu. Kama ni kazi nzuri, ni yake.

Ile karatasi nimeibandua leo saa nne, watu wakiniona. Kikomo nimekirudisha. Kesho mnarudia mtihani. Kaeni mwandike mpaka mwisho. Mkurugenzi akinitafuta, niko lab hadi saa kumi na moja.

Mueni, lala usingizi wako, dada. Huku nitajibu mimi.