Lieni Polepole

Juzi nilikuwa kwenye kilio hapa Musaga. Umeme umekatika mtaa mzima, jenereta iko kwa wafiwa tu. Kijana wa jirani, anayewafanyia wazungu kazi kwa kompyuta, akaja akachomeka waya wake.

“Umekuja kunipa pole ao kutafuta umeme?” mjane akamuuliza.

“Vyote, mama. Nikikosekana leo, wananifukuza.”

Wanawake wakaanza kulia. Bosi wake akauliza kutoka ndani ya kompyuta ni kelele gani. Kijana akajibu kwa Kifaransa. Kifaransa changu kidogo, ila “radio” tulisikia sote.

Mjane akafuta macho kwa kitenge, akatugeukia: “Lieni polepole, mutoto ako ku kazi.”

Nimeshazika wengi. Marehemu huyu ndiye wa kwanza niliyemlilia kwa kunong'ona, ili mzungu asiyemjua asisumbuke.