Mama Pasi Aliyeponywa na Gazeti

Hotelini walimwita Mama Pasi, na jina hilo alilipata kwa jasho. Miaka mingi alipandisha mashuka ghorofa ya nne kwa ngazi za nyuma, kwa kuwa lifti ni ya wageni, mpaka magoti yakagoma. Ndipo akapewa kiti katika chumba cha pasi, chini kabisa, awe ananyoosha foronya akiwa ameketi. Kiti chenyewe kilikuwa kimelegea mguu mmoja, lakini bila hicho kiti hakuna kazi, na bila kazi binti yake asingemaliza chuo.

Hospitali ilipotafuta watu wenye maumivu ya magoti wa kujaribu dawa mpya, alijiandikisha. Akameza vidonge kama alivyoelekezwa, na magoti yakabaki yale yale. Siku ya kufunga utafiti, daktari akamweleza kuwa nusu yao walipewa dawa na nusu vidonge vitupu, ili matokeo yalinganishwe. Yeye alikuwa upande wa vitupu.

"Kwa hiyo muda wote huu nakula unga?"

"Unga, mama, lakini umetusaidia sana. Hata waliopewa dawa yenyewe wamepata nafuu kidogo tu. Bado hatuwezi kusema inafanya kazi."

Mwandishi wa gazeti alifika wakati wengine wote wamekwenda kunywa soda ukumbi wa juu. Mama Pasi peke yake ndiye aliyebaki kwenye benchi, maana hizo ngazi hakuziweza. Mwandishi akafurahi kumpata.

"Simama kidogo, mama. Tabasamu. Inua mguu!"

Akauinua, huku ameshika ukuta. Ukuta haukuingia kwenye picha.

Kesho yake gazeti likapiga kelele ukurasa wa mbele: "KIDONGE CHA AJABU: BIBI WA MAGOTI ARUKA TENA." Kidonge kilikuwa hakijamponya mtu, lakini wino ulimponya Mama Pasi papo hapo. Binti yake alicheka mpaka akashika mbavu. Yeye hakucheka, kwa sababu alimjua msimamizi wake.

Msimamizi wa hoteli, mwanamke mwenye sauti laini na roho ngumu, alimfuata chumba cha pasi na gazeti mkononi.

"Hongera, mama! Umetuficha jambo kubwa hivi?"

"Sijapona. Mimi nilipewa vidonge vitupu."

"Gazeti zima liseme uongo, wewe tu ndiye mkweli?"

Kiti akapewa mfanyakazi mwenye mimba, kwa hiyo Mama Pasi hata wa kumnunia hakuwa naye. Akarudi kwenye ngazi. Alikwenda kulalamika gazetini, wakamsikiliza kwa adabu zote, wakachapa sahihisho chini ya matangazo ya viwanja, kwa herufi za kuumiza macho: dawa ya magoti bado inachunguzwa. Akalikata, akampelekea msimamizi.

"Hapa wamekutaja wewe wapi?" msimamizi akauliza, akamrudishia.

Miezi ikapita. Siku moja msimamizi akamkuta kwenye ngazi, ameegemea ukuta, mashuka begani, anahema.

"Mama yangu mzazi hawezi tena kwenda hata msalani," akasema, na ile sauti laini ilikuwa inatetemeka kweli. "Niambie tu zile dawa unazipata wapi. Kiti chako unarudi kukikalia leo hii."

Mama Pasi alikitaka kile kiti mpaka moyo ukamuuma. Angetaja kidonge chochote cha dukani, mambo yangekwisha. Lakini akamwona huyo mama asiyemjua, kitandani, akimezeshwa kitu cha ovyo na kungoja kuruka.

"Mwanangu, nilikula unga. Hakuna dawa. Mpeleke hospitali."

Macho ya msimamizi yakajaa machozi.

"Kumbe una roho mbaya namna hii," akasema. "Wewe umepona, mama yangu unamwacha ateseke!"

Akashuka zake. Mama Pasi akayaweka mashuka sawa begani, akainua mguu.